Okidi ndala: ukoo wake, ilikotoka, na kwa nini ujue hayo kabla hujatoa hela



Siku hizi napata swali la aina moja kutoka Kisorya, Kibara na Nansimo. "Afisa, tunasikia maua ya okidi ni dili. Kuna yale yenye umbo la kiatu, mche mmoja unauzwa bei ya mbuzi. Kikundi chetu kina hela kidogo ya kikoba. Tuingie?" Mwingine anauliza kuhusu vanila, maana ameona tangazo kwenye simu linalosema kilo moja ni milioni moja. Wengi hawajui kwamba maswali hayo mawili ni ya familia moja. Vanila nayo ni okidi.

Jibu langu fupi ni hili: msitoe hata shilingi kabla hamjajua ukoo wa mmea huo na mahali ulikotoka. Jibu refu ndilo somo la leo. Litakuwa na majina ya Kilatini, lakini nitakwenda polepole. Ukifika mwisho utaweza kumhoji muuza miche mpaka atoke jasho.

Kwani mkulima anahusikaje na ukoo wa mmea?

Anahusika sana, na tayari unautumia ukoo huo kila msimu. Nikikukuta umevuna nyanya halafu unapanda bilinganya pale pale, nakukataza. Kwa nini? Kwa sababu nyanya, bilinganya, pilipili hoho na viazi mviringo ni familia moja. Mnyauko wa bakteria uliobaki kwenye udongo wa nyanya utaipokea bilinganya kwa mikono miwili. Ukipanda mahindi au maharage hapo, umeukatia ugonjwa njia. Huo ni uainishaji wa mimea, na umekuokolea hela bila kuingia maabara.

Sasa chukua mfano wa ziwani. Sisi wa Kisorya tumezungukwa na maji, kila mmoja anamjua furu. Wataalamu wanasema Ziwa Victoria lilikauka kabisa au karibu kabisa miaka kama 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo mfupi zilitokea aina za furu zinazokadiriwa kufika 500. Wapo wenye mdomo wa kukwangua mwani kwenye mawe, wapo wa kuvunja konokono, wapo wa kula samaki wenzao. Mdomo ulifuata chakula.

Lakini mdomo huohuo unaweza kukudanganya. Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi yana samaki wa jamii hiyo wanaofanana midomo ilhali si ndugu wa karibu. Walifanana kwa sababu walitafuta chakula cha aina moja. Shika mambo haya mawili: kiumbe hubadilika kufuata maisha yake, na kufanana kwa sura si ushahidi wa undugu. Okidi zimejaa mambo hayo.

Okidi ni mmea gani?

Kwanza ndugu zake. Okidi zimo katika oda iitwayo Asparagales. Humo ndani yumo kitunguu maji unachokipanda bustanini, yumo kitunguu saumu, mkonge unaouona kwenye mipaka ya mashamba, na mshubiri ambao wengi tunauita aloe vera. Kwa hiyo ukipanda kitunguu, umeshapanda binamu wa mbali wa okidi.

Familia yenyewe inaitwa Orchidaceae. Ina spishi zaidi ya 25,000, ni moja ya familia kubwa kuliko zote za mimea itoayo maua. Ukitaka kuitambua okidi, angalia mambo matatu.

La kwanza, sehemu ya dume na sehemu ya jike ya ua zimeungana zikawa kitu kimoja katikati, kama kiguzo kifupi. Kwenye ua la kitunguu utaona stameni sita, kila moja imesimama peke yake. Kwenye okidi zimepungua zikabaki moja, mbili au tatu, nazo zimeshikamana na sehemu ya jike.

La pili, petali moja kati ya tatu imebadilika sura. Tunaiita mdomo. Ndiyo uwanja anaotua mdudu, au mtego anaonasia.

La tatu, na hili liandike kwenye daftari: mbegu zake ni vumbi. Ganda moja linaweza kuwa na mbegu kuanzia maelfu hadi mamilioni, na karibu zote hazina akiba ya chakula ndani. Punje ya hindi ina unga wa kumlisha mche mchanga, mbegu ya okidi haina. Porini haioti mpaka ikutane na fangasi maalumu wa kwenye udongo au gome la mti, ndiye anayeilisha. Mfaransa Noël Bernard aligundua jambo hilo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba unaweza kuziotesha bila fangasi, ukiziweka kwenye chupa safi yenye sukari na madini. Tangu hapo okidi za biashara huoteshwa maabara.

Matawi matano ya familia

Familia hii imegawanyika matawi matano. Nayapanga kuanzia lile lililojitenga mapema zaidi.

1. Apostasioideae. Ni tawi dogo lenye jenasi mbili tu, Apostasia na Neuwiedia, za Asia na kaskazini mwa Australia. Maua yake bado ya kizamani, stameni ni mbili au tatu.

2. Vanilloideae. Hapa ndipo kwao vanila. Stameni ni moja.

3. Cypripedioideae. Hizi ndizo zenye ua kama kiatu. Hazina jina la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo hapa naziita okidi ndala. Stameni zinazotoa chavua ni mbili.

4. Orchidoideae. Nyingi zinaota ardhini, na baadhi zina viazi vidogo chini. Tutazirudia, maana ziko Tanzania nyingi sana.

5. Epidendroideae. Tawi kubwa kuliko yote. Nyingi zinaishi juu ya miti bila kuinyonya, zimejishikiza tu. Zile okidi za sufuria unazoziona kwenye hoteli kubwa, Phalaenopsis, ni za hapa. Stameni ni moja.

Okidi ndala zenyewe

Tawi la tatu lina karibu spishi 200 katika jenasi tano.

Cypripedium ina spishi kama 50. Zinaishi nchi za baridi za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Majani yake yana mikunjo mingi ya urefu, kama sketi ya marinda, na hukauka majira ya baridi kali.

Paphiopedilum ndiyo kubwa zaidi, ina spishi zaidi ya 80. Inatoka India na kusini mwa China kupita Asia ya Kusini Mashariki hadi visiwa vya Solomon. Majani ni mazito, yamekunjwa mara moja tu katikati. Okidi ndala zinazouzwa madukani huko nje mara nyingi ni hizi na machotara yake.

Phragmipedium inatoka Amerika ya Kati na Kusini. Majani yanafanana na ya Paphiopedilum, lakini ukikata ovari utakuta vyumba vitatu. Kwenye Paphiopedilum utakuta chumba kimoja.

Selenipedium ni chache, nazo ni za Amerika ya Kati na Kusini. Ni ndefu kama matete, na majani yana marinda. Ganda la mojawapo lina harufu nzuri, huko Panama liliwahi kutumika badala ya vanila.

Mexipedium ina spishi moja peke yake, ya sehemu kavu za jimbo la Oaxaca, Mexico. Mwaka 1990 wataalamu waliiingiza kwenye Phragmipedium. Mwaka 1992 wengine wakaitoa na kuipa jenasi yake, kwa sababu ovari yake ina chumba kimoja na mambo mengine hayakulingana.

Kwa nini kiatu? Ule mfuko ni mtego. Mdudu anavutwa na rangi au harufu, anatua ukingoni, anateleza, anadumbukia. Ukuta wa ndani ni laini, harudi alikoingilia. Njia ya kutokea ni moja, nyuma, ina vinyweleo kama ngazi. Akipanda anapita kwanza chini ya sehemu ya jike, anaiachia chavua aliyotoka nayo kwenye ua jingine. Mbele kidogo anabanwa kwenye moja ya zile stameni mbili, anapakwa chavua mpya mgongoni, ndipo anatoka. Mpangilio huo unapunguza sana nafasi ya ua kujichavusha lenyewe.

Na malipo ya mdudu? Mara nyingi hakuna. Ndala nyingi hazina nekta, zinamtapeli mdudu mchana kweupe. Baadhi ya Paphiopedilum zina vidoa vinavyofanana na vidukari. Mnawajua nzi wa maua, wale wanaoelea hewani juu ya kunde, ambao funza wao hula vidukari? Jike anaona vidoa, anadhani watoto wake watapata chakula, anashuka kutaga, anadumbukia.

Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuzi, aliandika kitabu kizima cha okidi mwaka 1862. Kwa ndala alidhani mdudu anasimama nje na kuingiza ulimi. Asa Gray wa Marekani akampinga, akasema lazima mdudu aingie ndani. Darwin akatafuta nyuki mdogo, akamtumbukiza kwenye mfuko, akamwona anatoka kwa nyuma amepakwa chavua. Gray alikuwa sahihi.

Wataalamu walibishana kuhusu ukoo wake

Carl Linnaeus wa Sweden ndiye aliyeiandika jenasi ya Cypripedium mwaka 1753. Kwa muda mrefu hata ndala za nchi za joto ziliitwa hivyo hivyo, mpaka Mjerumani Ernst Pfitzer alipotenga Paphiopedilum mwaka 1886. Maneno hayo yote yana mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kiatu cha wazi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa stameni. Okidi karibu zote zina moja, ndala zina mbili. Wengine wakasema basi hizi si okidi, wakazipa familia yao, Cypripediaceae. Na vanila, kwa kuwa ina stameni moja, watu waliiweka pamoja na lile tawi kubwa la tano.

Kilichomaliza ubishi ni vinasaba, yaani DNA. Mwaka 1999 Kenneth Cameron, Mark Chase na wenzao walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni moja, rbcL, katika okidi nyingi. Yakatokea makundi matano. Ndala zilikuwa ndani ya familia ya okidi, hazikuwa nje. Vanila haikuwa ya tawi la tano hata kidogo. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba vanila ilijitenga hata kabla ya ndala.

Fikiria maana yake. Ndala yenye stameni mbili iko karibu na okidi ya sufuria yenye stameni moja kuliko vanila ilivyo karibu nayo. Inaelekea kupungua hadi stameni moja kulitokea mara mbili, kila tawi kivyake. Ni yale yale ya samaki wa Tanganyika na Malawi. Waliohesabu stameni tu walidanganyika kama mtu anayetazama midomo tu.

Zilitoka wapi, na kwa nini hazipo Mara?

Okidi ni laini, hazigandi jiwe kirahisi, kwa hiyo mabaki yake ya kale ni haba. Lakini mwaka 2007 ilitangazwa bahati kubwa. Katika Jamhuri ya Dominika alikutwa nyuki mdogo wa wale wasiouma, jamaa ya wale wanaotupa asali ya nyuki wadogo, amenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe. Mgongoni amebeba kifurushi cha chavua ya okidi. Kaharabu hiyo ina miaka kati ya milioni 15 na 20. Watafiti wakakitumia kifurushi hicho kupigia hesabu za vinasaba, wakakadiria kwamba babu wa okidi zote aliishi miaka kati ya milioni 76 na 84 iliyopita. Dinosaria walikuwa bado wapo.

Sasa tazama ramani ya ndala. Paphiopedilum iko Asia, Phragmipedium na Mexipedium ziko Amerika, na hizo tatu ni ndugu wa karibu. Ndugu hao walitenganaje, na bahari nzima katikati? Huwezi kusema mabara yaliachana nazo zikiwa juu yake, kwa sababu Afrika na Amerika Kusini ziliachana miaka kama milioni 100 iliyopita, kabla hata ya babu wa okidi zote.

Maelezo yanayoendana na vinasaba, kama yalivyotolewa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ni kwamba ndala zilianzia upande wa Amerika. Wakati huo dunia ilikuwa na joto, misitu ilifika mbali kaskazini, na pale Bering, kati ya Alaska na Urusi, palikuwa na nchi kavu. Zikavuka kwa njia hiyo hadi Asia. Baadaye dunia ikapoa. Zile za joto zilizokuwa kaskazini zikafa, zikabaki za kusini upande huu na upande ule. Cypripedium ndiyo iliyozoea baridi, ikaendelea kuishi huko juu.

Ukiichora njia hiyo kwa kidole utaona haigusi huku kwetu. Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna hata spishi moja ya okidi ndala ya asili, iwe Kilimanjaro, Kongo au Madagaska. Hivyo mtu akikwambia "hii ndala nimeitoa msitu wa huku", ujue ama hajui anachouza au anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tunazo za kwetu, na zina hadithi yake

Afrika haikukosa okidi. Ilikosa tawi moja tu la maana kwa biashara ya maua ya kiatu. Tawi la tano tunalo: Ansellia africana, ile yenye maua ya manjano na madoa kama chui, inajishikiza kwenye miti sehemu nyingi za Tanzania. Tawi la pili tunalo pia. Pwani na Zanzibar kuna vanila ya porini, Vanilla roscheri, mtambaazi usio na majani ya maana, wenye maua meupe mazuri. Lakini angalia ukoo: vanila zenye harufu ya kuuzika ni za upande wa Amerika, hizi za Afrika hazina harufu hiyo. Ukiuziwa pingili za mtambaazi wa porini kwa jina la vanila, utasubiri harufu mpaka uzeeke.

Tawi la nne ndilo lenye funzo chungu. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Njombe hadi Mbeya na Rukwa, kuna okidi za ardhini za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria. Viazi vyake vidogo huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kutengeneza chikanda. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Vyote vya porini, havikupandwa na mtu. Mwaka 2005 Kitulo, ambako wenyeji na wageni wanapaita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa, na okidi hizo ni moja ya sababu kubwa.

Kwa nini wachimbaji hawakupanda tu, kama tunavyopanda viazi vitamu? Rudi kwenye yale mambo matatu. Mbegu ni vumbi, bila fangasi wake haioti, na ukichimba kiazi umeua mmea. Soko lilikuwepo na hela ilikuwepo, lakini ukoo ulikataa kufuata kasi ya soko.

Tugeuze somo kuwa hesabu

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari la kikundi, andika maswali haya manne. Kila moja linajibiwa na ukoo wa mmea.

Swali la kwanza: unazaliana vipi? Mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za okidi za kumwaga kitaluni, mkatae. Hata kama ni mbegu kweli, kwenye udongo wako hazitaota. Ndala huongezwa kwa mbegu za maabara au kwa kugawa shina, na ni ngumu kuzalisha kwa wingi kwa tishu ukilinganisha na Phalaenopsis. Kutoka kwenye chupa hadi ua la kwanza ni miaka kadhaa. Vanila ni nafuu, unapanda pingili, lakini nayo inachukua miaka kama mitatu kuanza kutoa maua.

Swali la pili: nani atachavusha? Ndala inauzwa kwa ua, kwa hiyo hilo halikusumbui. Vanila inauzwa kwa ganda, na kwao Mexico huchavushwa na nyuki wa huko ambao sisi hatunao. Kuna kiwambo kati ya dume na jike kinachozuia ua kujichavusha. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kukinyanyua kiwambo kwa kijiti na kubana chavua kwa kidole gumba. Mpaka leo vanila ya Madagaska, Uganda na Kagera inachavushwa hivyo, ua moja moja, asubuhi, maana ua hufunguka siku moja tu. Ukichelewa, limekwenda. Weka gharama ya vibarua kwenye daftari.

Swali la tatu: kwao kuna hali gani ya hewa? Vanila inataka kivuli, joto la wastani, unyevu mwingi, na mvua kama milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, pamoja na kipindi kifupi cha ukavu cha kuishtua itoe maua. Bukoba inapata karibu milimita 2,000. Musoma kwa wastani haifiki 1,000. Ziwa ni moja, mvua si moja. Sisi wa Kisorya tungelazimika kumwagilia na kujenga kivuli. Ndala za Asia zinataka unyevu na mwanga mdogo, hiyo ni nyumba ya kivuli yenye maji safi kila siku. Ndala za Cypripedium zinataka majira ya baridi kali kabisa. Bunda hatuna hiyo.

Swali la nne: sheria inasemaje? Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Spishi zote za Paphiopedilum na Phragmipedium ziko kwenye orodha ya kwanza, ile kali kuliko zote: biashara ya mimea iliyotolewa porini imepigwa marufuku, inayoruhusiwa ni ile iliyozalishwa na watu, tena kwa vibali. Sababu ni kwamba wakusanyaji walikomba sana. Uingereza, Cypripedium ya huko iliwahi kubaki shina moja tu porini linalojulikana, ikabidi lilindwe. Kuingiza miche yoyote nchini kunahitaji pia kibali cha afya ya mimea kupitia TPHPA. Muuzaji asiye na karatasi hizo anakuuzia mche pamoja na kesi.

Msimamo wangu

Kwa kikundi chenye hela ya kikoba hapa Kisorya, okidi ndala si mradi wa kuanzia. Haikatazwi na uchawi. Inakatazwa na fangasi, miaka ya kusubiri, nyumba ya kivuli, vibali, na soko lililo mbali. Vanila inawezekana kwa majaribio ya mashina machache chini ya kivuli karibu na maji, kwa hela ambayo hata ikipotea watoto wataenda shule. Bei nayo ina wazimu wake: mwaka 2018 vanila iliyokaushwa ya Madagaska ilipita dola 500 kwa kilo, baadaye ikashuka sana. Na kumbuka kilo moja kavu inatokana na kilo tano hadi sita za maganda mabichi. Tangazo linalotaja bei bila kusema ni mbichi au kavu, pita kando.

Huku nyuma, binamu yake kitunguu anakupa hela ndani ya miezi mitano hivi tangu kitaluni, kwa maji ya ziwa hili hili, na soko la Bunda na Mwanza unalijua. Hana ua la kiatu, ila mbegu yake ina akiba yake ya chakula na haihitaji kibali cha CITES.

Na ukiiona okidi ya kwetu imejishikiza kwenye mti huko mlimani, usiing'oe kuiuza. Ipige picha, andika umeiona wapi na mwezi gani, tuulizane ni ya tawi lipi. Sasa unajua pa kuanzia: hesabu stameni, tazama mdomo, kisha kumbuka kwamba sura peke yake hudanganya.

Kikundi ambacho tayari kimeletewa miche kije nayo ofisini pamoja na karatasi zake kabla ya kulipa. Tutaisoma pamoja.